Je, Wajua? Kabla Hujang'arisha Jino, Jua Kilichobadili Rangi Yake

Kutoka Maili Moja hadi Mlandizi kule Kibaha, kutoka Minaki hadi Maneromango kule Kisarawe, watu wanaulizana swali lile lile: meno haya yatakuwa meupe lini? Majibu hayakosekani. Kuna wa mkaa, wa limau, wa unga wa pakiti, na wa taa ya buluu anayejitangaza kwenye simu. Wachache ndio wanaouliza kwanza jino limebadilika kwa nini. Safu hii inaanza na swali hilo.

RANGI YA ASILI

1. Jino lenye afya si jeupe pe. Tabaka lake la nje, enameli, hupitisha mwanga, na chini yake kuna dentini yenye umanjano. Rangi unayoiona kwenye kioo ni ya tabaka hizo mbili kwa pamoja.

2. Chonge kwa kawaida huwa na umanjano zaidi kuliko meno ya mbele yaliyo jirani nayo. Huo si uchafu. Ni unene wa dentini yake.

3. Mzazi, usishtuke mwanao wa miaka 7 akiota jino la ukubwani linaloonekana la manjano. Meno ya utoto ni meupe zaidi, na jino jipya likisimama katikati yake huonekana limefubaa. Ya utoto yakiisha kung'oka, tofauti haionekani tena.

4. Umri nao una mkono wake. Miaka inavyopita enameli inalika na kuwa nyembamba, dentini inaongezeka unene, na manjano inasogea karibu na macho ya watu.

5. Enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Lakini mfupa ukivunjika huunga, enameli ikilika hairudi. Chembe hai zilizoijenga hufa jino linapochomoza.

6. Madaktari wa meno hawakadirii rangi kwa macho matupu. Kipimo kinachotumika sana duniani, cha VITA, kina vivuli 16, na vyote 16 ni rangi za kawaida za meno ya binadamu.

MAJI NA MADINI

7. Meno ya kahawia yanayojulikana sana Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida hayatokani na uvivu wa kupiga mswaki. Chanzo ni floraidi nyingi katika maji, ambayo hutoka kwenye miamba ya volkano na ya Bonde la Ufa. Hali hiyo kitaalamu huitwa florosisi.

8. Kipimo kimojawapo kinachotumika duniani kote kupanga ukali wa florosisi, kuanzia 0 hadi 9, kilitengenezwa kwa kuchunguza meno ya Watanzania. Thylstrup na Fejerskov, watafiti kutoka Denmark, walikichapisha mwaka 1978.

9. Marekani nako kulikuwa na "Arusha" yao. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia. Alihangaika na fumbo hilo miaka thelathini, hadi mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipopima maji na kubaini kwamba mhusika ni floraidi.

10. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huko Ngurdoto, Arusha, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kupunguza floraidi, na mojawapo ya njia zake ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

11. Kibaha na Kisarawe hazimo katika ukanda huo wa floraidi nyingi. Mto Ruvu, ambao maji yake husafishwa kwenye mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, unaanzia milima ya Uluguru, si kwenye volkano. Mji wa Kisarawe nao umeunganishwa na maji hayo tangu 2020, yakisukumwa kutoka Kibamba.

12. Basi ukimwona Kibaha mtu mwenye meno ya kahawia ya namna hiyo, yaelekea alikunywa maji ya kwingine utotoni. Kibaha ni mji wa wageni wengi: shule ya sekondari ya Kibaha peke yake hupokea vijana wa mikoa yote. Florosisi haiambukizwi kwa kikombe wala kwa busu.

13. Mtu mzima wa Kisarawe akihamia Arusha leo, meno yake hayatageuka kahawia kwa ajili ya maji. Floraidi hulitia doa jino linapokuwa bado linajengwa ndani ya taya, yaani tangu uchanga hadi kufikia miaka 8 hivi.

14. Jikoni pia kuna mlango. Magadi ya mawe, yanayotiwa kwenye maharage, makande na mlenda ili viive upesi, yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Utafiti uliofanywa nchini miaka ya 1990 ulikuta florosisi hata kwa watoto wa maeneo yenye maji mazuri, na magadi yakatajwa. Chakula cha mtoto mdogo kiive kwa moto na subira.

15. Dawa ya meno yenye floraidi ni kinga nzuri dhidi ya meno kutoboka, mradi mtoto asiimeze. Chini ya miaka 3 inatosha kiasi cha punje ya mchele; miaka 3 hadi 6, kiasi cha njegere. Kuijaza brashi nzima ni mambo ya kwenye matangazo.

CHAI, TAMBUU NA TUMBAKU

16. Chai ya rangi hupaka meno kuliko chai ya maziwa. Tanini za chai hung'ang'ania enameli, ila protini ya maziwa iitwayo kaseini huzidaka kabla hazijafika. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, uliochapishwa 2014, ulilithibitisha hilo kwenye meno halisi yaliyong'olewa.

17. Nikotini yenyewe haina rangi. Ikikutana na hewa ndipo inapogeuka manjano. Lami ya moshi ndiyo huleta ule weusi wa nyuma ya meno ya chini. Watumiaji wa ugoro na tumbaku ya kutafuna nao hawajasalimika.

18. Tambuu, kwa popoo yake na chokaa yake, hupaka meno wekundu unaoelekea weusi. Rangi hiyo ni shida ndogo: popoo imethibitishwa kusababisha saratani ya kinywa, hata isipotiwa tumbaku.

19. Nanasi la Kiwangwa, juisi ya ukwaju na embe bichi kwa chumvi na pilipili havipaki rangi yoyote ya kutisha, lakini asidi yake hulainisha enameli kwa muda. Ukipiga mswaki papo hapo unaikwangua. Sukutua kwa maji, subiri angalau nusu saa.

20. Kuna watu waliosaka meno meusi. Wajapani walikuwa na desturi iitwayo ohaguro: chuma kilicholowekwa kwenye siki kilichanganywa na tanini za mimea, na meno yakawa meusi ya kung'aa, alama ya heshima. Serikali ya Japani iliwapiga marufuku makabaila mwaka 1870.

21. Ule ugumu wa manjano au kahawia unaojikusanya karibu na fizi si rangi ya jino. Ni ugaga, yaani utando wa bakteria ulioganda kwa madini ya mate. Mswaki hauutoi, dawa ya kung'arisha haiutoi. Unakwanguliwa kwa vifaa vya kliniki.

DAWA NA AJALI

22. Tetrasaiklini ikinywewa na mjamzito kuanzia miezi ya kati ya mimba, au na mtoto aliye chini ya miaka 8, hujifunga kwenye meno yanayojengwa na kuacha mistari ya manjano, kijivu au kahawia. Madaktari walianza kuligundua jambo hilo miaka ya 1950. Hapo ndipo inapoumiza tabia ya kumgawia mtoto vidonge vilivyobaki nyumbani.

23. Dawa ya maji ya kuongeza damu, yenye madini ya chuma, inaweza kuyatia weusi meno ya mtoto. Usimwachishe dawa. Weusi huo uko juu juu na hutoka kliniki.

24. Dawa ya kusukutua yenye kloheksidini, anayopewa mgonjwa wa fizi, ikitumiwa kwa wiki kadhaa huacha madoa ya kahawia. Nayo ni ya juu tu, ila ni ukumbusho kwamba dawa hiyo ni ya muda alioandika daktari.

25. Jino moja likiwa jeusi na jirani zake wote wazima, kumbuka nyuma: ulianguka na bodaboda? Ulipigwa kiwiko uwanjani? Jino hilo huenda limekufa ndani. Kulipaka dawa kwa nje ni kazi bure. Linahitaji picha ya eksirei, matibabu ya mzizi, kisha kung'arishwa kutokea ndani.

26. Doa jeupe kama chaki karibu na fizi laweza kuwa mwanzo wa tundu. Katika hatua hiyo jino bado linaokolewa kwa floraidi na usafi, bila kuchimbwa. Anayekimbilia kung'arisha anaacha tundu liendelee.

DAWA ZA MTAANI

27. Mkaa. Misitu ya Kisarawe, Pugu na Kazimzumbwi ikiwemo, imepukutika kwa mkaa wa majiko ya Dar es Salaam, na sasa mkaa umepandishwa cheo hadi kinywani. Mwaka 2017 jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti za dawa za meno za mkaa: hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba ni salama wala kwamba zinafanya kazi zinayojisifia.

28. Mkaa unasugua, basi. Madoa ya chai yanaweza kutoka, lakini enameli nayo inatoka kidogo kidogo, na dentini ya manjano inakaribia juu. Aliyeufuata weupe anaishia na umanjano usiosugulika.

29. Kisarawe ina utajiri mwingine wa kinywa ambao wenyeji wengi hawaujui. Kaolini, ule udongo mweupe wa vilima vya Pugu uliochimbwa tangu enzi za Wajerumani, ni madini laini ambayo viwanda duniani huyatumia katika baadhi ya dawa za meno kung'arishia. Kiwandani husafishwa na kusagwa kwa kipimo. Udongo wa shimoni una mchanga, na mchanga unakwaruza.

30. Limau lina pH ya kati ya 2 na 3. Enameli huanza kuyeyuka pH inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Ile hali ya meno kuingia ganzi baada ya kusugua limau ndiyo taarifa yenyewe: umepoteza kitu.

31. Magadi ya dukani, yale ya pakiti ndogo ya kupikia keki, ni laini kuliko enameli na hutoa madoa ya juu. Yakichanganywa na limau, faida inakuwa dhara. Na peke yake hayana floraidi, hivyo hayawezi kuchukua nafasi ya dawa ya meno.

32. Mti wa mswaki, ambao kwa jina la kisayansi ni *Salvadora persica*, si ushamba. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi ya vijiti vya kutafuna mwaka 1986. Ukitafunwa ncha hadi ikawa nyuzi na kutumiwa taratibu, huondoa utando na madoa. Ukisukumwa kwa nguvu huumiza fizi.

33. Warumi wa kale walidhihaki watu wa Hispania kwa kusafishia meno mkojo. Mshairi Catullus alimshambulia bwana mmoja aitwaye Egnatius kwa tabasamu la namna hiyo. Tamaa ya meno meupe haijaanza na mitandao.

34. Dawa ya kufulia nguo nyeupe haina kazi kinywani. Inaunguza fizi, ulimi na koo. Vivyo hivyo dawa ya saluni ya kubadili rangi ya nywele: yenye alama ya 20 ina haidrojeni peroksaidi asilimia 6, na ya 40 ina asilimia 12. Ilitengenezwa kwa nywele, na hakuna anayezimeza nywele zake.

35. Baadhi ya dawa za meno za kung'arisha hazitoi doa lolote kwa dakika ile. Huacha rangi ya buluu isiyoonekana, nayo huficha manjano, kama buluu inavyofanya kwenye kanzu nyeupe. Mate yakishaisafisha, umerudi ulikokuwa.

KWA DAKTARI

36. Hatua ya kwanza ya kung'arisha ni kusafishwa. Wengi wakishakwanguliwa ugaga na madoa ya chai hugundua kwamba meno yao hayakuwa na tatizo jingine. Pesa iliyotengwa kwa ajili ya taa inabaki mfukoni.

37. Kung'arisha kwa kisasa kuligunduliwa kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Bill Klusmier, daktari wa kunyoosha meno huko Arkansas, Marekani, aliwapa wagonjwa dawa ya fizi yenye kabamaidi peroksaidi waiweke kwenye kifaa chao cha usiku. Fizi zilipona, na meno yakawa meupe. Mwaka 1989 Haywood na Heymann wakaichapisha njia hiyo kitaalamu.

38. Dawa hiyo haisugui. Peroksaidi hupenya enameli na kuvunja chembe zenye rangi ndani ya jino. Ndiyo maana huweza kufikia manjano ambayo mswaki hauwezi kuifikia.

39. Soma namba vizuri: kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10 hutoa haidrojeni peroksaidi ya takriban asilimia 3.5 tu. Namba kubwa kwenye boksi si lazima iwe nguvu kubwa.

40. Kuna njia mbili kuu. Nyumbani, kwa kibakuli chembamba kilichochongwa kufuata meno yako, dawa hafifu hutumika kila usiku kwa wiki mbili hivi. Kliniki, dawa kali ya asilimia 25 hadi 40 hutumika baada ya fizi kukingwa. Ya kliniki ni ya haraka. Ya nyumbani mara nyingi humsumbua mtu kidogo na mwisho wake huwa uleule.

41. Ile taa ya buluu haiongezi weupe unaodumu. Meno yaliyokaa wazi kwa muda mrefu hukauka, na jino kavu huonekana jeupe zaidi. Kesho yake likishanywa mate, hesabu inarudi mahali pake.

42. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria iliyotungwa 2011 inazuia dawa yenye peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 kuuzwa kiholela. Hadi asilimia 6, lazima matumizi ya kwanza yafanywe na daktari wa meno au chini ya usimamizi wake. Walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi.

43. Ganzi ya meno ndiyo karaha ya kawaida ya kung'arisha, na mara nyingi huisha ndani ya siku chache. Dawa ya meno yenye potasiamu nitreti, ikitumiwa wiki mbili kabla, hupunguza makali. Wenye matundu, fizi zinazovuja damu au ujauzito hushauriwa kusubiri.

44. Jino la bandia, jino lililovishwa kauri na kizibo cheupe havibadiliki rangi kwa peroksaidi. Ukiyang'arisha ya asili, la bandia litabaki nyuma na kujitangaza. Mwambie daktari mapema.

45. Manjano hutoka kirahisi kuliko kijivu. Aliyeathiriwa na tetrasaiklini anaweza kuhitaji miezi mingi ya dawa ya usiku, na pengine asifike mbali.

46. Mwenye florosisi nyepesi anaweza kuondolewa madoa ya kahawia kwa kukwanguliwa tabaka jembamba mno la juu, kisha kung'arishwa. Madoa meupe yanaweza kujazwa utomvu maalumu. Akianza kwa peroksaidi peke yake, madoa hayo meupe huweza kuonekana zaidi siku za mwanzo. Florosisi kali hufunikwa kwa kauri au vijazo.

47. Kauri nyembamba za kufunika meno ya mbele, zinazopendwa na wasanii, mara nyingi hudai enameli ipunguzwe kwanza. Kilichochongwa hakirudi, na kauri zenyewe zina umri. Hilo ni agano la maisha.

48. Hakuna weupe wa kudumu. Matokeo ya peroksaidi hufifia ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu, kwa mvutaji sigara na mnywaji wa kahawa chungu mapema zaidi.

KABLA HUJAFUNGUA POCHI

49. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, Kibaha, ilitokana na mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic ulioanza 1963, mradi uleule uliozaa Shirika la Elimu Kibaha. Kitengo cha kinywa na meno cha hospitali ya ngazi hiyo ndicho mahali pa kuanzia kwa wa Kibaha. Wa Kisarawe aanze hospitali ya wilaya. Tabibu wa meno akiona linamzidi, atakuandikia rufaa.

50. Madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na una haki ya kuuliza usajili. Vipodozi, ambamo dawa nyingi za meno huhesabiwa, vimekuwa chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019. Dawa na vifaa tiba viko chini ya mamlaka yake, TMDA. Unga usio na jina la mtengenezaji, tarehe wala orodha ya viambato hauna wa kumdai ukikuunguza.

51. Tarehe 20 Machi kila mwaka ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, na katika wiki yake watoa huduma wengi hufanya uchunguzi na kutoa ushauri kwa umma. Nenda na maswali matatu: rangi hii imetoka wapi, iko juu au ndani, na nisipofanya lolote nitadhurika? Kwa watu wengi jibu la swali la tatu ni hapana, nao wanaweza kurudi nyumbani, wakapiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, wakacheka bila kujiziba mdomo.